Kukata, kupunguza, plasta au vidonge: njia ipi ya kuacha sigara inakufaa ukiwa Dodoma?

Mwanaume anayetaka kuacha fegi akifika kaunta ya famasi hapa mjini huuliza bila kuzunguka: "Dada, mna dawa ya kuacha sigara?" Akitajiwa bei ya plasta za nikotini (zinabandikwa kwenye ngozi na kuupa mwili kile kilevi cha tumbaku bila moshi), na idadi atakayohitaji mpaka amalize, anarudisha simu mfukoni. "Basi, ngoja kwanza nipunguze." Hapo ameikimbia njia ya gharama na kuangukia njia dhaifu kuliko zote, na zile za katikati ambazo pengine zingemfaa hajaziona. Ulinganisho huu nimemwandikia yeye. Nimemwandikia pia mke, dada au mtoto anayemtafutia habari kwenye simu usiku huku akimsikia anakohoa chumba cha pili.

Tukijilinganisha na dunia, Tanzania haina wavutaji wengi. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wenye miaka 15 na kuendelea wanaitumia kwa namna yoyote ile, wakati duniani ni karibu mtu mzima mmoja kati ya watano. Ukiwatenganisha, wanaume ni asilimia 14.6 na wanawake 3.2. Kwa hiyo ni mwanaume mmoja katika kila saba, na kwa jumla watu milioni 2.6. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na inaweza kuondoka na hadi nusu ya watumiaji wasioiacha.

Uchache huo una ubaya wake. Uingereza, ambako wavutaji walikuwa wengi, serikali ilianzisha huduma maalumu za kuwasaidia kuacha. Kwetu mvutaji anaweza kwenda zahanati kwa malaria, akaenda kwa mgongo, akaenda kwa presha, na mara zote akarudi nyumbani bila mtu kumuuliza kama anavuta. Duka la dawa muhimu haliweki plasta ya nikotini kwa sababu mnunuzi haji. Na kikohozi chake kila mtu anakisingizia vumbi la Dodoma, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Kwa hiyo njia utakayochagua iwe ni ile unayoweza kuiendesha ukiwa Chang'ombe, Bahi au Kibaigwa, kwa kipato ulicho nacho.

(Jambo moja kabla hatujaendelea: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, uwe mvutaji au la, nenda kapime kifua kikuu. Anayevuta ana hatari ya kuugua TB mara mbili hivi kuliko asiyevuta, na vipimo na dawa zake ni bure.)

Sigara ya kwanza unaiwasha saa ngapi?

Kabla ya kulinganisha dawa na dawa, mimi huuliza hilo. Linapima utumwa wa nikotini vizuri kuliko kuuliza umevuta kwa miaka mingapi. Anayewasha ndani ya nusu saa tangu aamke, mwili wake umeamka na deni. Anayewasha ya kwanza saa sita mchana kijiweni, akicheza drafti na wenzake, huyo kinachomshika zaidi ni kijiwe kuliko nikotini.

La pili ni idadi, na hapa watu wetu hujidanganya bila kukusudia, maana wengi hawanunui paketi. Wananunua moja moja kwa Mangi, nyingine wanapewa, nyingine wanavuta nusu na kupasiana. Dereva mmoja wa bodaboda wa Nkuhungu aliniambia anavuta "kama nne hivi". Nikamwomba tuhesabu.

"Unaamka saa ngapi, kaka?"

"Saa kumi na moja."

"Ya kwanza unavuta wapi?"

"Nikishawasha pikipiki. Hapana, kabla. Nikitoka nje kupiga mswaki tu."

Akaendelea kwa kugusa vidole: akifika kijiweni Sabasaba, baada ya chapati na chai, abiria wakichelewa, baada ya ugali, foleni ya mafuta, jioni akihesabu hela ya tajiri, usiku mbili tatu baa hata kama hanywi. Alipofika kumi na mbili alicheka. "Dada, mbona nne?"

Huyo na yule wa drafti hawafai kupewa ushauri mmoja. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "fulani aliacha kwa kutafuna karafuu, na wewe tafuna", natamani kwanza kumuuliza huyo fulani alikuwa akiwasha saa ngapi.

Kukata siku moja, au kupunguza kidogo kidogo

Kupunguza ndiyo njia inayopendwa, na inaeleweka kwa nini. Haina siku ya kuogopwa, na unaonekana unafanya kitu. Mama anafurahi, wewe unafurahi, na fegi ipo.

Lakini zimelinganishwa. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliochukua wavutaji 697. Nusu walipangiwa kukata siku moja, nusu wapunguze kwa wiki mbili kisha wakate. Wote walipewa bidhaa za nikotini na muuguzi wa kuongea nao. Baada ya wiki nne, waliokata ghafla waliokuwa bado hawajavuta walikuwa asilimia 49, na waliopunguza 39. Miezi sita ilipopita walibaki asilimia 22 kwa 15.5. Na tazama kitu ambacho wapunguzaji wa kwetu hawana: wale wa Uingereza walikuwa na tarehe ya mwisho, wiki mbili tu. "Napunguza" ya Dodoma haina tarehe. Mtu anapunguza tangu mvua za mwaka jana.

Tena mwili una ujanja wake. Aliyetoka sigara kumi hadi nne anavuta zile nne kwa pumzi ndefu zaidi, mpaka kwenye kichungi, ili apate nikotini ileile. Kwa upande wa moyo, hata moja kwa siku si jambo dogo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la BMJ ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku anabeba kati ya asilimia 40 na 50 ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo na kiharusi anayoibeba mvutaji wa 20. Kwa saratani ya mapafu idadi inahesabika zaidi, kwa hiyo siwezi kusema kupunguza ni bure kabisa. Ila anayejipongeza kwamba amebaki na mbili tu na presha anayo, ajue kiharusi hakijaenda mbali.

Kukata kuna gharama yake, na gharama hiyo ni arosto. Hasira zisizo na sababu, usingizi wa mang'amung'amu, njaa, kichwa kizito, kushindwa kutulia kwenye kazi. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, kisha inalegea, na ndani ya wiki mbili hadi nne kwa wengi imebaki hamu ya kuja na kuondoka. Upande wa pili faida nazo zinaanza mapema. Dakika 20 baada ya fegi ya mwisho mapigo ya moyo yanashuka, saa 12 baadaye kaboni monoksaidi kwenye damu imerudi kiwango cha kawaida, na baada ya mwaka mmoja ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo imepungua kwa nusu.

Kwa anayekata, tarehe ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kondoa na Chemba, ambako Waislamu ni wengi, Ramadhani imeshamfanyia mvutaji nusu ya kazi: kuanzia alfajiri hadi magharibi havuti, na mwili umeshaonja kwamba inawezekana. Kosa linatokea kwenye futari, tende mkono mmoja na kibiriti mkono wa pili. Kwaresima nayo ni siku 40 zinazotosha kabisa kuvuka arosto yote, kama Pasaka haikugeuzwa kuwa siku ya kufidia. Dereva wa ofisi asikate wiki ambayo Bunge limeanza na anashinda kwenye gari akisubiri mheshimiwa. Mkulima wa zabibu asianze siku ya kwanza ya mavuno, wakati shamba limejaa vibarua na kila mtu ana fegi sikioni.

Uamuzi wangu hapa hauna utata: kata. Kupunguza nakukubali kwa mtu mmoja tu, yule anayesema wazi kwamba pasipo kupunguza hataanza kabisa. Naye apewe wiki mbili na tarehe iandikwe ukutani.

Peke yako, au na mtu

Hii ndiyo tofauti inayosahaulika, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Anayejaribu kuacha bila msaada wowote hufanikiwa kwa nadra: Shirika la Afya Duniani linataja asilimia 4 hivi ya majaribio. Hilo halina maana kwamba ni dhaifu wa moyo. Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache baada ya kuvuta, na mtu amerudia zoezi hilo maelfu kwa maelfu ya mara.

Sasa weka mtu pembeni yake. Ushauri mfupi wa daktari, hata wa dakika tatu, unaongeza idadi ya wanaoacha. Meseji za simu pia zinaongeza. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Uingereza, wenye washiriki karibu 5,800, ambao nusu walitumiwa meseji za kuwatia moyo na kuwakumbusha. Baada ya miezi sita, asilimia 10.7 ya waliopata meseji hizo walikuwa wameacha, wengine ni 4.9. Meseji tu. Sisi tunatumiana meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" kutwa nzima, kwa nini dada yako asikutumie moja kila asubuhi kabla hujafika kijiweni?

Kuhusu nani awe huyo mtu, nina upendeleo wangu. Mke si chaguo langu la kwanza. Anageuka askari, ananusa mashati, na ikitokea umeteleza unamficha, basi msaada umekufa. Tafuta aliyewahi kuvuta akaacha: shemeji, mzee wa kanisa, bosi wa gereji. Huyo ukimwambia "leo nimezidiwa" hashangai.

Kwenye kituo cha afya useme mwenyewe bila kusubiri kuulizwa: "Daktari, mimi navuta, nataka kuacha." Akiwa na muda mzungumze, akiwa hana omba tarehe ya kurudi. Kwa anayechanganya na pombe au bangi, Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ina watu wanaoujua uraibu. Najua jina hilo linaogopesha, maana kwetu ukionekana getini Mirembe utani wa mtaa unakumaliza. Nenda tu.

Plasta na bigijii

Zote mbili zinaleta nikotini bila moshi, na moshi ndio unaoua, kwa lami yake na kaboni monoksaidi yake. Nasema hivyo kwa sababu kuna wateja wanaoiogopa plasta kuliko sigara. "Si itaniingiza nikotini mwilini?" Ndugu yangu, imeshaingia, hii inakuja bila masizi, na ina siku ya kwisha.

Bidhaa hizi huongeza uwezekano wa kuacha kwa zaidi ya nusu. Zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Kuwa kwenye orodha ni kitu kimoja, kuwa kwenye rafu Mpwapwa ni kingine. Mjini tafuta famasi kubwa yenye mfamasia, uliza kama wanaweza kukuagizia, na utazame kama imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa.

Plasta inakaa mwilini na kutoa nikotini polepole mchana kutwa. Inamfaa yule wa saa kumi na moja alfajiri, na inamfaa asiyetaka watu wajue, maana inakaa chini ya shati. Kwa anayezidi sigara kumi kwa siku kawaida huanza na ya miligramu 21, kisha zinashushwa, kwa wiki 8 hadi 12. Ibandike kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, begani au kiunoni, na ubadilishe mahali kila siku. Jua la Dodoma na jasho la kazi ya pikipiki huing'oa, kwa hiyo ibandike ukiwa umejikausha vizuri, si unatoka kuoga na maji yanachuruzika. Ikikuletea ndoto za ajabu, ivue unapolala.

Bigijii ni ya dharura, ya ile dakika hamu imekukaba koo. Kwa anayewasha ndani ya nusu saa ya kuamka ni ya miligramu 4, wengine 2. Na hailiwi kama bigijii ya dukani. Unatafuna taratibu mpaka usikie ladha inawasha, unaiegesha kati ya fizi na shavu, ikipoa unatafuna tena, kama nusu saa. Anayeitafuna kwa kasi anameza nikotini yote, anapata kwikwi na kiungulia, kesho anasema dawa mbaya. Halafu kuna kosa ambalo ni la hapa kwetu: kula ubuyu. Ubuyu wetu ni mchachu, na uchachu mdomoni unazuia nikotini isifyonzwe. Soda, kahawa na juisi vivyo hivyo. Robo saa kabla ya bigijii usivitie kinywani. Anayeacha bila nikotini, ubuyu na karanga ni marafiki zake wakubwa, mdomo unapata kazi. Anayetumia bigijii achague saa zake.

Ukiweza vyote viwili, plasta ya kutwa na bigijii ya dharura, utapata nguvu zaidi ya kutumia kimoja. Ukiweza kimoja tu na ni mvutaji wa alfajiri, chukua plasta.

Bei sasa. Usiulize bei ya moja ukaondoka. Wiki nane ni plasta 56, kwa hiyo zidisha kwa 56 ndipo uamue. Upande wa pili wa karatasi andika za kwako: yule dereva wa sigara kumi na mbili, kwa wiki nane hizohizo, anavuta 672. Zidisha kwa bei ya Mangi. Tofauti ni kwamba plasta wanataka hela yote leo na Mangi anachukua sarafu kwa sarafu, ndiyo maana Mangi anaonekana rahisi.

Vidonge

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Julai 2024 unapendekeza vareniklini, bupropioni na saitisini pamoja na bidhaa za nikotini. Vareniklini ndiyo yenye nguvu kuliko plasta pekee. Inaongeza uwezekano wa kuacha mara mbili na zaidi ukilinganisha na kidonge kisicho na dawa. Inaanzwa wiki moja kabla ya tarehe ya kuacha, inaendelea wiki 12, na kero yake kubwa ni kichefuchefu. Bupropioni inakaribiana na plasta kwa nguvu. Mwenye kifafa asiiguse.

Hivi ni vya kuandikiwa na daktari. Usimtume kijana akutafutie kwa picha ya WhatsApp. Kwa mtu wa Dodoma ningesema anzia Benjamin Mkapa au hospitali ya rufaa ya mkoa, uulize kama kipo au kinaagizwa, kabla hujajipangia tarehe. Mama mjamzito havimhusu. Yeye aongee na mkunga wake, na ushauri wa karibu ndiyo njia yake ya kwanza.

Kuna kundi linalopaswa kusoma hapa mara mbili. Moshi wa sigara huharakisha ini kuvunja baadhi ya dawa, zikiwemo olanzapini na klozapini zinazotumika kutibu maradhi ya akili. Anayetumia dawa hizo akiacha kuvuta ghafla, dawa inabaki nyingi mwilini kuliko alivyozoea. Aache, ndiyo, lakini amwambie daktari wake kabla ya siku hiyo ili kipimo kiangaliwe.

Kuhamia kitu kingine

Shisha kwanza, na sitakaa hapo sana. Kijana anakuambia maji yanachuja. Hayachuji sumu. Shirika la Afya Duniani lilishaonya tangu mwaka 2005 kwamba kikao kimoja cha shisha kinaweza kumwingizia mtu moshi wa sigara 100 au zaidi. Kutoka fegi tano kwa siku kwenda shisha ya Ijumaa na Jumamosi si kuacha.

Ugoro unahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ni wa nyumbani. Rudi kwenye zile takwimu za 2018: wanawake wanaotumia tumbaku ni asilimia 3.2, lakini wanaovuta ni 1.1 tu. Waliobaki wananusa au kutafuna. Bibi mmoja kutoka upande wa Chamwino alikuja kununua dawa ya kikohozi, nikamuuliza kama nyumbani kuna mvutaji.

"Shikamoo bibi. Wewe mwenyewe hutumii tumbaku?"

"Marahaba mjukuu wangu. Mimi sivuti, nanusa tu."

Akafungua fundo la khanga, akatoa kikopo cha plastiki kilichowahi kuwa cha vidonge, akakigonga mara mbili kwa ukucha kabla ya kukifungua, kama mtu anayebisha hodi. Ugoro mwekundu, umesagwa laini, na magadi ndani yake. Hayo magadi yana kazi: yanafanya nikotini iingie kwa haraka zaidi.

Ugoro hauleti moshi, kwa hiyo mapafu ya wajukuu chumbani yamepona, na hilo nalihesabu. Lakini tumbaku isiyovutwa imethibitishwa kusababisha saratani ya kinywa, ya koo la chakula na ya kongosho, na nikotini yake inamfunga mtu vilevile. Mzee anayehama kutoka sigara kwenda ugoro amebadilisha mahali pa kidonda. Kama ni kidaraja cha kuvukia, plasta inakuwa na mwisho, kikopo hakina.

Vepu, yaani sigara ya umeme, ndiyo yenye ubishi wa kweli. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019 uliwalinganisha wavutaji waliopewa vepu na waliopewa bidhaa za nikotini, wote wakiwa na ushauri wa ana kwa ana. Baada ya mwaka, walioacha sigara ni asilimia 18 kwa 9.9. Ushindi, sivyo? Ila kati ya hao walioacha, asilimia 80 ya kundi la vepu walikuwa bado wanavuta vepu, wakati upande wa pili waliobaki na bidhaa zao ni asilimia 9. Na walikuwa na mshauri pamoja na bidhaa zinazokaguliwa. Kinachouzwa hapa mikononi kwa vijana wa vyuo, chenye ladha ya embe na lebo isiyosomeka, ni kitu kingine. Kwa mvutaji mkubwa aliyeshindwa njia zote nisingebishana na daktari wake. Kwa asiyewahi kuvuta, hakina hoja hata moja.

Ningemwambia nani nini

Wa drafti, anayewasha mchana na kuvuta tatu nne: asinunue chochote. Tarehe, mtu wa meseji, karanga mfukoni, na wiki tatu za kukaa kijiwe kingine. Hela ya plasta apeleke kwingine.

Dereva wa Nkuhungu: plasta, na bigijii hela ikiruhusu, na baa aipumzishe mwezi mzima hata kwa soda. Pombe na fegi vinatembea pamoja, iwe bia au wine ya zabibu zetu wenyewe. Kama plasta hazipatikani au zimemshinda bei, akate hivyohivyo akiwa na mtu, asirudi kwenye "kupunguza".

Mwenye presha, kisukari au TB: njia yoyote kati ya hizo, lakini kupitia kliniki yake, kwa sababu tayari ana tarehe za kurudi na muuguzi anayemjua kwa jina. Hiyo ni nusu ya msaada ambayo wengine inabidi waitafute.

Mzee wa miaka 60 anayesema "mimi imeshapita": madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50, matokeo yakachapishwa mwaka 2004, walionyesha kwamba mvutaji wa maisha yote hupoteza wastani wa miaka 10. Anayeacha akiwa na 30 huirudisha karibu yote, mwenye 40 hurudisha 9, mwenye 50 hurudisha 6, na mwenye 60 hurudisha 3. Miaka mitatu inatosha kumwona mjukuu anamaliza sekondari. Mzee wa aina hii mara nyingi amevuta tangu ujanani na anawasha kitandani, kwa hiyo anahitaji plasta au kidonge na daktari, asipewe mahubiri.

Na aliyewahi kuacha akarudia, ambao kwa kweli ndio wengi wanaofika kaunta, namuuliza ile ya kurudia aliiwasha wapi. Akisema msibani au baa, njia yake haikuwa mbaya. Irudie ileile, ila wakati huu upange mapema msibani utakaa na nani na mikono utaishughulisha na nini. Akisema ilikuwa nyumbani, peke yake, siku ya pili, hakuna aliyemchokoza, huyo nikotini ilimzidi nguvu na alikuwa mikono mitupu. Asirudie vilevile, apande daraja moja, kutoka bila kitu kwenda plasta, au kutoka plasta kwenda kwa daktari. Fegi moja iliyomponyoka haimaanishi arudi mwanzo: plasta yake aendelee nayo, paketi iliyobaki aimwage chooni, na yule wa meseji aambiwe usiku huohuo.